Kinyozi Aliyeitwa Shahidi

Ukimwita kinyozi yule kutoka nyuma, hageuki. Hutazama mbele. Kazi ndiyo iliyomzoesha hivyo: miaka nenda miaka rudi kaipa barabara mgongo na kioo uso, na kila apitaye nje yeye humwona humo kiooni. Mpita njia akiinua mkono, naye huinua wake, mashine ikiendelea kunguruma juu ya kichwa cha mtu. Siku moja sokoni muuza viazi alimwita kwa nyuma, kinyozi akaanza kumtafuta kwenye mafungu ya nyanya yaliyokuwa mbele yake, ikabidi ashikwe bega na kugeuzwa. Watu walicheka, naye akacheka. Hakuna aliyeona kwamba hapo pana jambo la kufikiria, wala yeye mwenyewe.

Mtaani walimwita Shahidi. Alilipata jina hilo baada ya jengo la ng'ambo ya barabara kuanguka, naye akaitwa mbele ya tume kueleza alichokiona. Lilikuwa jengo la ghorofa nne, na chini lilikuwa na milango miwili mipana iliyofanana kama mapacha, mmoja kila pembe. Mlango mmoja ulikuwa wa bekari. Wa pili ulikuwa wa fundi wa kuchomelea vyuma, na fundi huyo alikuwa shemeji yake Shahidi, mume wa dada yake mkubwa. Siku ile walikufa watu wengi, wa ghorofani na wa chini, na shemeji akiwemo.

Tangu hapo mtaa ukapasuka pande mbili. Wapo wa mtungi, wanaosema mtungi wa gesi wa fundi ndio ulioanza, ukalipua pembe yake na jengo zima likafuata. Wapo wa ukuta, wanaosema mwenye bekari alibomoa ukuta wa ndani ili tanuri lake jipya lienee, jengo likabaki halina mguu. Tume ilisikiliza, ikaandika, ikasema ni mtungi, ikafunga mafaili na kwenda zake. Wa ukuta hawajakubali mpaka leo. Kila mwaka siku ya kuwakumbuka marehemu, watu huanza kwa dua na kumaliza kwa kunyoosheana vidole, na ubishi ukishakolea, mmoja wa wa mtungi hutoa karata yake ya mwisho.

"Shahidi aliona kwa macho yake. Na fundi alikuwa shemeji yake! Amsingizie mume wa dada yake ili apate nini?"

Hapo wa ukuta hunyamaza, maana hoja hiyo haina jibu. Watu wote huamini kwamba mtu akisema kweli inayomuuma, basi ni kweli tupu. Kama kuuma kungekuwa kipimo cha ukweli, jino bovu lingekuwa hakimu.

Aliyelipa gharama ni dada. Mumewe alizikwa kama mtu aliyeua watu. Wanawake waliokuwa wakikopeshana naye chumvi walianza kumpita kando, na watoto wake walirudi shuleni na majina waliyopewa huko. Mwishowe alihama, akaenda kukaa upande wa pili wa mji, nyuma ya karakana za magari, ambako hakuna aliyemjua. Kwa mdogo wake hakuaga.

Shahidi alibaki na kioo chake. Alilala chumba cha nyuma ya saluni, akala peke yake, akafua peke yake. Hakuoa, kwa kuwa wa kumposea alikuwa dada, na mtu hatumi mshenga ambaye haongei naye. Wateja hakukosa. Wengine walikuja wakitaka kunyolewa, wengine walikuja ili wasimulie vijijini kwao kwamba wamenyolewa na yule aliyeona. Lakini wakiondoka waliondoka wote. Na kwa kuwa kinyozi hajinyoi, kila nywele zake zikirefuka alivuka mji kwenda kwa kinyozi wa stendi, mtu asiyemjua, akakaa kitini kama mgeni. Zamani kichwa chake kilikuwa kazi ya dada. Dada ndiye aliyemfundisha kushika mkasi, akimkalisha kizingitini na kumpiga ngumi nyepesi ya utosi kila akitikisika. Kule stendi hakuna aliyempiga ngumi, naye alizikumbuka ngumi zile kwa uchungu kuliko mtu anavyokumbuka zawadi.

Kilichomshikilia ni kitu kimoja tu: alisema kweli. Alipoteza dada, lakini hakudanganya. Neno hilo ndilo alilojifunika nalo kila akilala.

Sasa kioo kile kilikuwa kimezeeka. Kilianza kumenyeka pembeni, madoa meusi yakatambaa mpaka katikati, wateja wakawa wanajiona wana ndui. Shahidi akakishusha, akaagiza kingine, na fundi wa vioo akamwambia kiko njiani, kwa maana ile ya mafundi, kwamba hata hakijakatwa. Ukuta ukabaki mtupu na saluni ikawa na giza. Basi asubuhi moja Shahidi akakigeuza kiti kikatazama mlangoni, apate mwanga wa nje. Mteja wa kwanza alikuwa dereva mstaafu, mzee wa maneno mengi, aliyekuwa akinyolewa hapo tangu enzi za basi lake.

"Leo umenianika barabarani kama nguo," dereva alisema akijifunika shuka. "Wapitao wote wanione na povu?"

"Vumilia mzee wangu. Kioo kinakuja."

Alimpaka povu, akashika wembe, akainua macho kutazama mbele kama alivyozoea. Mkono ukasimama hewani.

Ng'ambo ya barabara jengo halipo tena, pana uwanja wenye majani, lakini taa ya barabarani ipo palepale. Ni taa moja ya zamani iliyogongwa na lori kabla hata ya msiba, ikainama shingo na kubaki hivyo. Ilisimama mbele ya mlango wa shemeji, na shemeji alikuwa akitundika koti lake hapo. Shahidi aliiona sasa, iko mkono wake wa kulia. Kila siku aliiona akitoka kwenda sokoni, iko kulia, haikuwahi kuhama. Lakini ndani ya kichwa chake, katika ile picha ya siku ile aliyoisimulia mpaka ikalainika kama noti kuukuu, taa iliyoinama ilikuwa kushoto.

Alifumba macho, akaitazama tena picha yake. Taa kushoto. Vumbi linatoka chini ya mlango wa kulia, linafura, kisha pembe ya kulia ya jengo inapiga magoti na nyingine zinaifuata. Akafumbua. Taa kulia.

"Unaninyoa au unaniombea?" dereva aliuliza.

"Mzee," Shahidi alisema. "Siku ile jengo linaanguka, ulikuwa kitini hapa."

"Nilikuwa! Nani asiyejua?"

"Uliona nini?"

Dereva alitoa mkono nje ya shuka, maana bila mkono alikuwa hawezi kusimulia. "Tulikuwa tumesimama mimi na wewe pale mlangoni. Nikakwambia, kijana, tazama ule mtungi. Sijamaliza, puu! Fundi akatoka mbio na moto mgongoni, akarudi ndani kuwaokoa wenzake. Nililia siku ile, mimi niliyeona ajali za kila namna."

Shahidi alimtazama yule mzee, akaona huruma na hofu kwa pamoja. Kwa sababu siku ile dereva hakusimama mlangoni. Alikuwa kalala kitini, taulo la moto limemfunika uso mzima mpaka kidevuni, na kishindo kilipokuja alianguka nalo, akatambaa chini ya meza akipiga kelele kwamba amepofuka. Shahidi mwenyewe ndiye aliyemvua. Mzee hakuona hata chembe. Lakini sasa alisema bila kupepesa, machozi yakimlenga, na haikuwa uongo. Alikuwa amesikia hadithi ya Shahidi mara nyingi mno, amekaa ndani yake miaka yote hiyo, mpaka akajipatia mlango wa kusimama. Akipelekwa mahakamani ataapa, na atakuwa haapi kwa hila.

Shahidi akajiuliza: kama huyu ana hakika kiasi hiki na alikuwa na taulo usoni, mimi nilikuwa na nini usoni?

Nilikuwa na kioo, akajijibu.

Alimaliza kidevu cha mzee vibaya, akamkata mahali pawili, akamwomba radhi na kumsindikiza. Kisha akafunga saluni mchana kweupe, jambo ambalo hakuwahi kufanya, akaketi kwenye kiti cha wateja akiwa ameukabili uwanja mtupu.

Akaikumbuka tume. Ulikuwa ukumbi mkubwa, na ubaoni walibandika mchoro wa jengo, mistari mitupu, milango miwili inayofanana, wala taa hawakuichora. Wakamwambia aoneshe vumbi lilikoanzia. Akaifuata picha ya kichwani, akaweka kidole kulia. Mwenyekiti wa tume akasema, "Yaani upande wa fundi wa kuchomelea." Naye akajibu, "Ndiyo, huo." Kabla ya hapo, kwa kinywa chake, hakuwa amewahi kusema upande wa fundi. Alikuwa akisema upande ule, na kidole. Lakini baada ya hapo alisema upande wa fundi kila siku, na kila aliposema, picha ilijinakshi zaidi: akauona mlango wa shemeji, akaliona hata koti lake limetundikwa. Koti lilitokea wapi, kama taa ya kulitundikia ilikuwa upande wa pili? Kiooni, upande wa kulia ni bekari. Kama aliliona vumbi kiooni, basi lilianzia kwenye bekari, ukuta ndio uliokuwa mkosaji, na shemeji alikufa kwa kosa la mtu mwingine na kuzikwa nalo.

Moyo ulimruka kwa furaha. Ndiyo, furaha, tusimfiche. Alisimama, akatafuta shati safi, akajiona anagonga mlango wa dada na kumpa jambo hilo mkononi: mumeo hana hatia, dada, nimeona. Akafunga kifungo kimoja, akafunga cha pili. Cha tatu hakikufungika.

Kwa sababu alikumbuka pia kwamba aligeuka. Kishindo kilipokuja aligeuka, wembe mkononi. Je, vumbi aliliona kabla hajageuka au baada? Na hiyo taa ya kushoto, ni ya siku ile kweli? Au ni taa ya siku nyingine zote, aliyoitazama kiooni kuanzia asubuhi mpaka jioni, ikajipenyeza kwenye picha kama dereva alivyojipenyeza mlangoni? Alijaribu kuikamata siku ile yenyewe, siku mbichi, kabla haijasimuliwa. Haikuwepo. Palikuwa na masimulizi tu, moja juu ya jingine, na chini kabisa palikuwa na kishindo.

Akaketi tena. Alijiona mtupu kama ukuta wake. Kitu pekee alichokuwa nacho duniani kilikuwa ile kweli, na sasa hata hiyo hakuwa nayo.

Ng'ombe akivunjika guu malishoni, hujikokota zizini kusaidiwa. Shahidi naye alijikokota kuvuka mji, akapita stendi, akapita karakana za magari, akiuliza njia kwa watu waliomtazama bila kumjua. Kutojulikana kulimpa nafuu kidogo. Akamkuta dada uani anaanua nguo kambani. Amepungua mwili, nywele zimeingia mvi kwa mbele, lakini ubishi wa mabega ni uleule.

Dada alimwona, akaendelea kuanua. Shuka moja, gauni moja. Alipofika mwisho wa kamba hakuwa na nguo nyingine ya kujifanya anaishughulikia.

"Bwana Shahidi," alisema. "Tume imerudi?"

"Hapana, dada. Nimekuja mwenyewe."

"Haya, sema. Nina chungu jikoni."

Alisema. Alimweleza kioo, taa iliyoinama, mchoro usio na taa, mwenyekiti aliyemmalizia sentensi. Alieleza vibaya, akirudi nyuma na kuruka mbele, akigeuka kuonesha kulia na kushoto kwa mikono mpaka akajichanganya. Dada alisikiliza kakumbatia nguo kifuani. Shahidi alipofika kwenye bekari, akamwona dada anafumba macho.

"Kwa hiyo ni ukuta," dada alisema polepole. "Unasema ulianza ukuta. Una hakika?"

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Alitaka kusema ndiyo kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote. Ndiyo moja tu, na mlango ule ungefunguka, watoto wangemwita mjomba, marehemu angelala. Nani angemkamata? Angekuwa Shahidi vilevile, upande wa pili wa mtaa, na wa ukuta wangembeba mabegani.

"Sina," alisema. "Huenda niliona kiooni. Huenda niligeuka kwanza. Nimetafuta mpaka kichwa kimeuma. Sijui, dada. Sijui lilianzia wapi."

Shati la mtoto lilimponyoka dada, likaanguka chini, hakuliokota.

"Unakumbuka siku ulipoitwa kwenye tume nilikujia saluni?" aliuliza.

Alikumbuka. Dada alikuja na kanga ya msiba, akasimama mlangoni kwa kuwa hakutaka kukitazama kile kiti alichozoea kunyolewa mumewe.

"Nilikwambia nini?"

"Uliniambia niseme sijui."

"Na wewe ulinijibu nini?"

Shahidi aliinama. Alimjibu kwa kiburi cha mtu mwema, na hakuna kiburi kigumu kama hicho. "Nilikwambia siwezi kudanganya. Nikasema mwenye macho haambiwi tazama."

"Uliona nakuomba uongo." Hasira yote aliyoihifadhi dada miaka hiyo ikatafuta pa kutokea. "Mimi mkubwa wako, niliyekulea, uliona nimekuja kukufundisha uongo juu ya maiti! Nilikuwa najua wewe unamnyoa mtu ukitazama ukutani. Nilijua hukuona sawasawa, hakuna aliyeona sawasawa. Nilikuomba kweli, mdogo wangu. Ukanipa hakika."

"Nisamehe, dada."

"Sijamaliza. Unadhani mimi nilikuwa najua? Unadhani nilikuwa wa ukuta?" Alicheka kicheko kikavu. "Mume wangu alikuwa na pupa. Ule mtungi ulikuwa unavuja kwenye shingo, nilisikia harufu ya gesi kwenye nguo zake nilipokuwa nafua. Nikamwambia abadilishe, akasema wiki ijayo. Labda ni yeye. Labda kweli aliwaua wale watu. Nikiamka nasema ni yeye, nikilala nasema siye. Sikuweza kumwambia mtu. Wa mtungi wangenirukia, wa ukuta wangenifukuza, watoto wangenichukia. Mtu mmoja tu angeweza kukaa nami tusijue pamoja, naye alikuwa kwenye ukumbi, ana hakika. Umeniacha nisijue peke yangu."

Shahidi alilia. Hakulia kwa staha. Alilia mdomo wazi, kamasi zikimtoka, katikati ya ua, kamba ya nguo ikimgusa paji la uso. Alilia kwa ajili ya shemeji, na kwa ajili ya dada, na kwa ajili ya usiku wote ule aliojifunika ukweli usiokuwa wake. Dada hakumbembeleza. Alimngoja amalize, kama mtu anavyongoja mvua.

Kisha akamzunguka kwenda kuliokota lile shati, akasimama nyuma yake kidogo.

"Nani anakunyoa kisogo hivi?" aliuliza.

Kwa mazoea Shahidi alitazama mbele, akauona ukuta wa ua. Akageuka. "Kinyozi wa stendi."

"Anakuharibu."

Dada akaingia ndani na nguo zake. Mlango aliuacha wazi. Shahidi alibaki pale uani, macho kwenye ule uwazi. Huenda ulikuwa wake. Huenda ulikuwa wa joto la jikoni tu, maana siku ilikuwa ya joto na chungu kilikuwa motoni. Akasikia droo ikivutwa, vitu vya chuma vikigongana ndani yake, mkono ukichambua. Angeweza kuapa kwamba dada anatafuta mkasi.

Hakuapa. Alisogea mpaka kizingitini, akasimama.

"Dada," aliita, "niingie?"

Akangoja aambiwe.